Usinunue hiyo darubini ya "mara 525", mimi ilishanila

Mkuu, SIMAMA. Hiyo pesa irudishe mfukoni kwanza. Unataka kuiona Nebula ya Jabari, lile wingu la gesi kwenye kundinyota la Jabari (Orion), na rangi zake, umeonyeshwa darubini ya kioo cha milimita 60 "inayokuza mara 525", sasa unauliza ununue stendi gani na kama simu itapiga picha. Mimi hata kwenye stendi sijafika, nimekwama hapo kwenye 525. Niliinunua hiyohiyo.

Na bei siyo iliyoniuma. Ili niipate, niliuza darubini yangu ya macho mawili, 10x50 (inakuza mara 10, vioo vya milimita 50), niliyoizoea miaka. Niliona ni kitu cha kizee, kumi tu, wakati mwenzake ana 525! Hesabu nilijua, akili sina.

Usiku wa kwanza nikapachika ile lenzi fupi ya jicho ya milimita 4, nikaongeza na Barlow, lenzi ya kuzidisha ukuzaji, ya mara 3, si nimelipia zote? Nikaona giza la kijivu lenye kope zangu ndani yake. Nikigusa kitasa cha kurekebisha, kila kitu kinatetemeka. Kikija kutulia, nebula imeshatoka, maana Dunia inazunguka na kwa ukuzaji ule kitu kinakatiza mbele ya jicho kwa sekunde 20 hivi. Wiki tatu nikalaumu mawingu. Nikaja kulaumu macho. Karibu nipimwe miwani.

Muuzaji ndiye aliyenijaza upepo: "kadiri inavyokuza ndivyo unavyoona." Uongo mweupe, na sanduku lenyewe lilipambwa picha iliyopigwa kutoka angani, si na kile kibomba.

Sikiliza. Nebula ile iko umbali wa miakanuru kama 1,340 lakini si ndogo: imetanda karibu mara mbili ya upana wa mwezi mpevu. Shida yake ni ufifi. Ukikuza, mwanga uleule mchache unautandaza mahali pakubwa, unazidi kufifia. Chukua kipenyo cha kioo kwa milimita, zidisha kwa 2, hapo ndipo mwisho wa ukuzaji wa maana. Kwa 60 ni 120. Hiyo 525 ni namba ya kuuzia sanduku. Na kwa nebula hata 120 iache, anza na lenzi ndefu kabisa uliyo nayo, yaani yenye milimita nyingi.

Siku nilipoitupa Barlow nikaweka ya milimita 20, yaani mara 35, nikakaa gizani nusu saa bila kugusa simu, ikaja: wingu kama pumzi juu ya kioo, na katikati nyota nne zimebanana, zile za Trapezi. Iliyo kali kuliko zote, Theta 1 Orionis C, ndiyo hasa inayoichoma gesi ile ing'ae. Nilicheka peke yangu nje kama kichaa.

Rangi? Sahau. Wekundu wa hidrojeni ni nanomita 656, na jicho gizani kwa wekundu ni kipofu. Kamera hukusanya mwanga dakika hata saa, jicho halina subira hiyo. Utaona kijivu, na kwenye kioo kikubwa ukijani wa mbali.

Kwa hiyo kioo kipana, ukuzaji mdogo. Kioo kipana, ukuzaji mdogo! Na kama una ya macho mawili kabatini, usithubutu kuiuza. Aliyenunua yangu kila Januari hunitumia ujumbe: "Leo Jabari kanoga, umeiona?"