Neva ya 11: maswali yenu kuhusu shingo na bega

Mbona neva ya 11 inaitwa neva ya fuvu, na mwalimu anasema inaanzia shingoni? (Mwanafunzi wa utabibu)

Yote mawili ni kweli. Neva za fuvu ni zile zinazopita kwenye matundu ya fuvu, nazo hutajwa kwa namba; hii ni ya 11. Nyuzi zake huchipuka kwenye ugwe wa mgongo, sehemu ya 1 hadi ya 5 ya shingo, zikapanda na kuingia ndani ya fuvu kwa tundu kubwa lililo chini yake. Humo hazikai. Zinatoka tena kwa tundu la mshipa wa jugula (mshipa mkubwa wa damu wa shingoni) zikiwa na neva ya 9 na ya 10, kisha zinashuka shingoni. Vitabu huongeza mzizi wa pili, unaotoka kwenye shina la ubongo, lakini huo hujiunga na neva ya 10 mapema na kwenda kuendesha zoloto (kisanduku cha sauti) na kaakaa laini; wataalamu wengi sasa wanauhesabu kuwa mali ya neva ya 10. Kwenye mtihani taja mizizi yote miwili. Wodini shughulika na ule wa shingo.

Naipimaje?

Mvue mgonjwa shati kwanza. Bila hivyo hutaona kitu.

Neva hii inaendesha misuli miwili. Wa kwanza ni sternokleidomastoidi, ule unaotuna kama kamba shingoni mtu akigeuza uso. Wa kushoto hugeuza uso kulia, kwa hiyo ukitaka kuupima weka kiganja kwenye shavu la kulia, mwambie asukume, na mkono wako wa pili uguse kamba ya kushoto. Wa pili ni trapezi, msuli mpana unaotoka nyuma ya shingo na mgongoni hadi begani: mwambie apandishe mabega huku ukiyakandamiza. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika, maana kuna msuli mwingine mdogo unaopandisha kombe la bega, nao hautegemei neva hii. Bega linaweza kupanda ilhali trapezi imelala. Ndiyo maana lazima pia umwambie anyanyue mkono kwa ubavuni hadi juu ya kichwa. Trapezi isipofanya kazi, mara nyingi mkono hukwama karibu na nyuzi 90, yaani usawa wa bega.

Nilikatwa kinyama cha tezi shingoni kupimwa TB. Kidonda kimepona, lakini mwezi wa pili huu bega linauma na siwezi kuchana nywele. Ni TB imehamia begani?

Inawezekana, ila jambo la kwanza la kuangalia ni neva. Upasuaji mdogo wa tezi za upande wa shingo ndio chanzo kinachojulikana sana cha kuumia kwake. Ikishatoka nyuma ya ile kamba ya shingo, karibu theluthi moja kutoka juu, hukatiza kwa mshazari hadi trapezi, ikaingia chini yake kama sentimita 5 juu ya mtulinga. Katika safari hiyo iko juujuu, imefunikwa na ngozi, mafuta na utando tu, na tezi zimeizunguka. Ni nyembamba, mtu asiyeitafuta anaweza kuikata au kuifunga na uzi bila kujua.

Simama mbele ya kioo. Bega la upande ule limeshuka? Mstari kati ya shingo na bega umebonyea? Kugeuza uso kunaweza kuwa sawa kabisa, kwa kuwa tawi la kamba ya shingo hutoka juu zaidi ya kidonda, na hilo huwafanya wengine waambiwe "neva ni nzima".

Rudi hospitali, uombe kuonwa na daktari wa upasuaji na wa fiziotherapia. Kipimo cha umeme wa misuli huonyesha vizuri kuanzia wiki ya 3 hivi. Ikijulikana kuwa neva imekatwa, huunganishwa mapema. Isipojulikana, kwa kawaida hungojewa takriban miezi 3 kuona kama inarudi yenyewe. Usingoje mwaka. Neva huota kama milimita 1 kwa siku, na msuli uliokaa muda mrefu bila neva hunyauka kiasi cha kutopokea tena. Baada ya hapo hubaki upasuaji wa kuhamisha misuli mingine ya kombe. Kwa sasa egemeza mkono kwenye mto ukikaa, usibebe ndoo upande huo, na bega lichezeshwe kila siku lisigande.

Kwa wahudumu: tezi nyingi zinaweza kuanza kupimwa kwa kufyonza na sindano, kabla ya kisu.

Kombe limechomoza mgongoni. Nitajuaje kama ni neva hii?

Msukumishe ukuta mikono ikiwa mbele. Likichomoza hapo na kuvutwa kuelekea uti wa mgongo, shuku neva ndefu ya kifua, ile inayoendesha msuli unaoshikiza kombe kwenye mbavu. Neva ya 11 hufanya kombe lishuke na kwenda nje, na hujionyesha zaidi mkono ukinyanyuliwa kwa ubavuni.

Mgonjwa wa kiharusi kapooza kushoto, lakini kamba dhaifu ya shingo ni ya kulia. Tumekosea kupima?

Hapana. Kupooza kushoto hutokana na nusu ya kulia ya ubongo, na nusu hiyo hiyo huamuru zaidi kamba ya kulia, ile inayogeuza uso kushoto. Trapezi yenyewe hudhoofika upande uliopooza.