Kabla ya kuunganisha anwani, uliza umesimama wapi

Programu yangu ya kwanza ya kukagua viungo ilikuwa na mstari mmoja niliouonea fahari:

anwani = msingi + "/" + kiungo

Msingi ni anwani unayoanzia, kwa kawaida ya ukurasa wenye kiungo; kiungo ni anwani kama ilivyoandikwa ndani ya ukurasa huo, mara nyingi fupi, bila jina la tovuti. Mstari mfupi, unasomeka, na kwa siku kadhaa ulifanya kazi bila kulalamika. Kisha nikaielekeza programu kwenye tovuti kubwa ya nyaraka, ikarudi na ripoti ya mamia ya viungo vilivyokufa. Nikafungua kimoja kwenye kivinjari: kizima. Cha pili: kizima. Kumbe kibovu kilikuwa kile kimstari changu.

Hapo ndipo nilipokosea zaidi, maana nilianza kushona viraka. Kiungo kikianza na mkwaju (/), ondoa mkwaju. Kikiwa na nukta mbili zinazofuatana, rudi folda moja nyuma. Kikianza na http, kiache kilivyo. Kila kiraka kiliponya kiungo kimoja na kuumiza kingine, na wiki ikaisha nikiwa na msimbo ambao hata mimi sikuthubutu kuugusa. Ukijikuta unaandika "ikiwa" ya tatu kwenye kazi hii, simama. Imeshafanywa na watu waliokaa nayo muda mrefu kuliko wewe.

Kanuni zenyewe zimo katika RFC 3986, waraka wa kanuni za anwani za intaneti wa Januari 2005, kifungu cha 5. Ni kurasa chache tu, na mwishoni mwa kifungu kuna mifano zaidi ya 40 ya anwani fupi na majibu yake. Nakushauri uisome mifano hiyo kabla ya maelezo. Mimi nilifanya kinyume nikasinzia.

Tuseme ukurasa uliofungua ni https://example.com/vitabu/2024/orodha?ukurasa=3. Viungo vilivyomo vitaeleweka hivi:

picha.png → https://example.com/vitabu/2024/picha.png
../ramani → https://example.com/vitabu/ramani
/ramani → https://example.com/ramani
//picha.example/ramani → https://picha.example/ramani
?ukurasa=4 → https://example.com/vitabu/2024/orodha?ukurasa=4
../../../../ramani → https://example.com/ramani

Tazama ule wa kwanza. Neno "orodha" limetoweka, kwa sababu kila kilicho baada ya mkwaju wa mwisho wa njia (sehemu inayofuata jina la seva) hufutwa kabla kiungo hakijabandikwa. Wa nne una mikwaju miwili mwanzoni: hiyo si njia, ni seva nyingine kabisa, na kilichorithiwa ni itifaki, yaani ile https ya mwanzo, peke yake. Wa mwisho umerudi nyuma kupita mwanzo wa tovuti, lakini hakuna kosa linalotokea. Nukta za ziada humezwa tu.

Kwa hiyo tumia maktaba, yaani msimbo uliokwisha kuandikwa na wengine. Kwenye Python kuna urljoin, kwenye JavaScript kuna new URL(kiungo, msingi), kwenye Go kuna ResolveReference. Jihadhari na Java: darasa lake la URI linafuata waraka wa zamani, RFC 2396 wa 1998, hivyo kiungo cha ?ukurasa=4 hapo juu litakipa jibu la /vitabu/2024/?ukurasa=4, bila "orodha". Nilipoteza jioni nzima kulijua hilo. Usichukue pia zile funksheni za kuunganisha njia za faili kwenye diski ukidhani ni mamoja. Nyingine zitakuwekea mikwaju ya nyuma (\) ukiwa kwenye Windows, na nyingine zitaibana mikwaju miwili ya https:// iwe mmoja.

Basi nilifuta viraka vyote, nikaweka urljoin, nikaendesha tena. Ripoti ikapungua. Haikuisha.

Hapa ndipo nilipojifunza ninachotaka ukibebe: kuunganisha ni sehemu rahisi. Ugumu upo kwenye kujua msingi wako ni upi. Maktaba hukupa jibu sahihi kwa msingi ulioipa, hata kama msingi wenyewe ni uongo.

Ilikuwa hivi. Programu iliomba /mwongozo, seva ikajibu kwamba ukurasa upo /mwongozo/, wenye mkwaju mwishoni, na maktaba ya kupakua ikafuata uelekezo huo kimyakimya. Ndani ya ukurasa kulikuwa na kiungo cha sura-2.html. Mimi nikakiunganisha na anwani niliyoomba, nikapata /sura-2.html. Kivinjari kiliunganisha na anwani kilipofikia, kikapata /mwongozo/sura-2.html. Mkwaju mmoja tu, na sura zote za kitabu zikaonekana zimekufa. Waraka unasema wazi kwamba baada ya kuelekezwa, msingi ni anwani ya mwisho. Karibu kila maktaba ya kupakua hukupa anwani hiyo ndani ya jibu. Ichukue hiyo, wala usishike ile uliyoandika mwenyewe.

Halafu kuna alama ya <base href>, ambayo ukurasa hutumia kujitangazia msingi wake. Ukurasa ukiwa nayo, inapindua kila kitu: viungo vyote huhesabiwa kutoka hapo, popote ukurasa ulipotoka. Zikiwa nyingi, ya kwanza yenye href ndiyo inayosikilizwa. Na yenyewe inaweza kuwa anwani fupi, kwa hiyo inabidi kwanza uiunganishe na anwani ya ukurasa ndipo uitumie. Binafsi siipendi alama hii. Niliwahi kuiweka kwenye tovuti ili picha zipatikane kirahisi, na kila kiungo cha #juu, kilichotakiwa kumpandisha msomaji juu ya ukurasa uleule, kikaanza kumpeleka ukurasa wa nyumbani. Kilikuwa sahihi. Nilikuwa nimebadilisha mahali niliposimama bila kufikiria.

Faili za CSS, zinazopanga mwonekano wa ukurasa, nazo zina msingi wao. Anwani iliyo ndani ya url() huhesabiwa kutoka mahali faili ya CSS ilipo, si ukurasa ulioiita. Ukikusanya picha za tovuti kwa msingi mmoja kwa kila kitu, za usuli utazikosa.

Jambo la usalama silipiti haraka, maana niliona likitokea kwenye mradi niliokuwa nasaidia. Baada ya mtumiaji kuingia, programu ilimrudisha alikotoka kwa kusoma anwani fupi kutoka kwenye ombi. Aliyeandika alikagua kwamba inaanza na mkwaju, akaridhika. Sasa rudi kwenye mfano wa nne. //hatari.example inaanza na mkwaju vizuri tu, na inampeleka mtu nje. Tukaizuia mikwaju miwili. Akaja mtu na /\hatari.example. Vivinjari, kwa kanuni za WHATWG (kundi la watengenezaji wa vivinjari), huusoma mkwaju wa nyuma kama wa mbele kwenye anwani za http na https, na huondoa tabo na mistari mipya iliyojificha katikati. urljoin haiugeuzi mkwaju huo. Maandishi yaleyale, wasomaji wawili, majibu mawili, na mshambuliaji hupita katikati yao.

Dawa niliyobaki nayo ni hii: unganisha kwanza na msingi wako mwenyewe, linganisha itifaki, jina la seva na poti kwa ukamilifu, kisha mpe mtumiaji anwani kamili iliyotoka kwenye hesabu, usimrudishie maandishi aliyoleta. Usilinganishe kwa kuangalia mwanzo wa maandishi. https://example.com@hatari.example na https://example.com.hatari.example zote zinaanza vizuri.

Mengine ni madogo. Ukitoa kiungo kwenye HTML kwa kukata maandishi badala ya kutumia kichanganuzi (programu inayoisoma HTML kwa kanuni zake), &, ambayo kwenye HTML humaanisha & tu, itabaki ndani yake na seva itapokea vigezo vya ajabu. Ruka mailto na javascript baada ya kuunganisha, ukitazama itifaki iliyopatikana. Na faili ikiitwa sura:2.html, andika ./sura:2.html, la sivyo "sura" itasomwa kama itifaki. Mtu aliyeweka nuktapacha kwenye jina la faili nina maneno naye, lakini faili yake inabidi ifunguke.

Siku hizi ripoti yangu ina safu tatu: msingi, kiungo kama kilivyoandikwa, na anwani iliyopatikana. Zamani ilikuwa na ya tatu peke yake, ndiyo maana nilikuwa nikikisia. Mtu akiniletea kiungo kilichoitwa kibovu huku kwake kinafunguka, naanza na safu ya kwanza, na mara nyingi sifiki ya pili.