Usiiache santuri kwa sababu ya lebo

Nilipoanza kukusanya santuri za soul nilijiwekea kanuni moja kuhusu mwimbaji Otis Redding na lebo yake, yaani jina la kampuni lililochapwa katikati ya sahani: Otis ni Volt, isiyo ya Volt ni toleo la kurudia. Siku moja dukani nikaishika albamu yake, The Immortal Otis Redding. Jalada zima, sahani haina hata mkwaruzo. Nikaitoa kidogo kuangalia lebo: Atco. Nikairudisha kwenye kasha kwa madaha ya mjuzi.

Kumbe albamu hiyo haikutoka Volt kamwe. Ilitolewa na Atco, Juni 1968.

Ushauri wangu basi: kabla hujaifanya lebo kuwa hakimu, jua ni mtoto wa nani. Volt ilianzishwa Memphis mwaka 1961 kama lebo tanzu ya Stax, jina lililounganishwa kutoka Stewart na Axton, kaka na dada waliokuwa wenye kampuni. Studio ilikuwa ileile, jumba la zamani la sinema kwenye McLemore Avenue, na wapiga ala walewale. Mimi nilipoteza miezi nikitafuta "sauti ya Volt" inayotofautiana na ya Stax. Usijisumbue, haipo. Majina mawili yalikuwa hesabu ya redio: baada ya kashfa ya hongo kwa watangazaji, vituo viliogopa kuonekana vinapendelea kampuni moja, hivyo nyumba yenye lebo mbili ilipata nafasi mbili.

Msambazaji ndiye aliyenipotosha. Stax ilifikishwa madukani na Atlantic, na Volt ikapitia Atco, ambayo nayo ni tanzu ya Atlantic. Ningekuwa makini ningeona dalili mapema: These Arms of Mine ya 1962 ilitoka Volt, lakini albamu ya kwanza ya Otis, Pain in My Heart ya 1964, ina lebo ya Atco.

Kisha Atlantic ikauzwa kwa Warner Bros.-Seven Arts mwaka 1967. Stax walipoufungua mkataba wao wa 1965 wakakuta kifungu kinachoipa Atlantic umiliki wa rekodi mama, yaani kanda asili ambazo santuri hutokana nazo, za kila ilichosambaza. Otis alikuwa amefariki kwa ajali ya ndege tarehe 10 Desemba 1967. (Sittin' On) The Dock of the Bay ikatoka Volt Januari 1968, na albamu yenye jina hilo ikafuata Februari, bado Volt. Mei ushirika wa Stax na Atlantic ukavunjika. Juni ikaja The Immortal: sauti ileile, nyimbo zilizorekodiwa mwaka uliotangulia, lebo ya Atco. Kilichobadilika ni karatasi tu.

Volt yenyewe haikufa hapo. Stax iliuzwa kwa Gulf+Western, ikaanza kujaza upya ghala la nyimbo zilizobaki kwa Atlantic, na mwaka 1971 kundi la The Dramatics lilivuma likiwa Volt. Usizidharau santuri za kipindi hicho eti Otis hayumo. Mimi nazipenda kuliko nilivyotarajia.

Siku hizi naichukua sahani chini ya taa na kuiinamisha mpaka namba zilizochorwa kwenye duara tupu, kati ya mfereji wa mwisho na lebo, zionekane. Hizo ndizo ninazolinganisha na orodha ya matoleo, kisha nasoma maandishi madogo ya msambazaji. Jina kubwa la lebo naliangalia mwisho. Ile ya Atco niliirudia wiki iliyofuata, kasha likawa tupu.