Kwa mnaoanza kazi ya elimu ya mazingira

Nyinyi mliomaliza chuo na kupata nafasi wilayani, jambo hili darasani huguswa juujuu: fani yetu haisimami peke yake. Ukiingia kijijini na somo la mazingira peke yake, utaishia kugawa miche kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, kupiga picha na kuandika ripoti.

Tazameni Bwindi, msitu wa gorila kusini-magharibi mwa Uganda. Mwaka 1996 upele uliwapata gorila, na mtoto mmoja akafa. Ilishukiwa kuwa ulitoka kwenye nguo kuukuu zilizovishwa vinyago vya kufukuza wanyama mashambani. Hilo ni somo la wanyamapori, la kilimo au la afya? Dkt. Gladys Kalema-Zikusoka, daktari wa wanyama aliyewatibu gorila hao, alishiriki mwaka 2003 kuanzisha shirika la Conservation Through Public Health (yaani hifadhi kupitia afya ya jamii). Huko wahudumu wa afya wa vijiji huzungumzia usafi, uzazi wa mpango na hifadhi ya gorila nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo anzeni na wahudumu hao. Mama anayewafungulia mlango kwa sababu mtoto anaharisha hatakufungulia wewe kwa sababu ya bayoanuwai, yaani wingi wa aina za viumbe.

Mkipangiwa Kampala, mtafuteni mhandisi wa maji kabla ya kuandaa somo la ardhi oevu. Kinamasi cha Nakivubo huchuja majitaka ya mji kabla hayajafika Ghuba ya Murchison katika Ziwa Viktoria, na mitambo ya Ggaba huvuta maji ya kunywa kutoka ghuba hiyohiyo. Mafunjo yakifyekwa ili kupanda magimbi, kazi ya kusafisha maji huongezeka, na gharama yake pia. Habari ya maji ya bomba mkazi wa Namuwongo, mtaa ulio jirani na kinamasi hicho, ataisikiliza. Ya ndege wa kinamasini, sina hakika.

Bwana shamba na bibi shamba mnawajua tayari, sina la kuongeza. Sheria ya Mazingira ya Uganda ya 2019 isomeni, tena vizuri, ila msitangulie nayo. Mkidhaniwa ni wakaguzi wa NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, watu watafunga midomo.

Wenzenu wa fani nyingine nao wana shughuli zao, na wengi wamechoshwa na wageni wanaokuja kuomba takwimu kisha wanapotea. Waulizeni kwanza wao wanakwama wapi. Kwenye ripoti, yaandikeni majina yao kabla ya yenu. Ombeni dakika kumi katika mkutano wa kituo cha afya, na mkishazungumza, kaeni hadi mkutano uishe.