Ardhi Hii Ilifanya Kazi Gani Kabla Yako? Maswali ya Wasomaji kwa Mtathmini wa Mazingira

Kazi yangu ni kukagua viwanja, karakana na mashamba kati ya Nakuru na Kisumu ili kubaini kama udongo na maji yake yamechafuliwa, na kama mwenye mahali anatimiza matakwa ya sheria. Haya ni baadhi ya maswali niliyoletewa karibuni.

Ninataka kununua robo ekari huko Njoro katika shamba la zamani la walowezi lililogawanywa. Kwenye kona ya juu kuna josho la ng'ombe lililofukiwa, na muuzaji anasema halijatumika kwa miaka mingi. Je, kuna la kuogopa?

Lipo, na ninakushukuru kwa kuuliza kabla ya kulipa. Majosho yalijengwa ili kupambana na kupe waenezao ugonjwa wa ndigana kali, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 dawa iliyotegemewa sana ilikuwa sumu ya arseniki iliyoyeyushwa katika maji. Kupe walipoizoea, zilifuata dawa nyingine, mojawapo ikiwa toksafeni, ambayo ni miongoni mwa kemikali 12 za kwanza zilizolengwa na Mkataba wa Stockholm wa 2001, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti kemikali za sumu zisizooza upesi. Muuzaji anapokwambia kwamba josho limekaa miaka mingi bila kutumika, huenda anasema kweli, lakini ukweli huo haukusaidii, kwa sababu arseniki ni elementi: haiozi wala haivunjwi na jua, na iliyoingia kwenye udongo mzito hukaa humo vizazi na vizazi. Nchini Australia, katika jimbo la New South Wales peke yake, zaidi ya majosho 1,600 ya aina hiyo yalijengwa, na hadi leo ardhi iliyoyazunguka inafuatiliwa kwa sababu hiyohiyo.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalifahamu ni kwamba shimo la josho lenyewe si lazima liwe ndipo mahali pabaya zaidi. Ng'ombe alipotoka majini alisimama kwenye sakafu ya kujikausha, dawa ikimtiririka mwilini, na matope yaliyojaa chini ya josho yalichotwa mara kwa mara yakamwagwa karibu, mara nyingi upande wa mteremko. Kwa hiyo mtafute mzee aliyefanya kazi katika shamba hilo, umwombe akuonyeshe ng'ombe waliingilia wapi, walitokea wapi na matope yalitupwa wapi. Nimewahi kuokoa siku mbili za kuchimba kwa sababu ya mama mmoja aliyekumbuka mti ambao matope yalimwagwa chini yake.

Baada ya hapo, sampuli za udongo zichukuliwe katika sehemu hizo tatu kwa vina tofauti, pamoja na sampuli za udongo wa mbali ambao haukuguswa. Udongo wetu wa volkano una madini yake ya asili, na bila kulinganisha huwezi kujua kilicholetwa na mtu na kilichokuwapo tangu zamani. Kama kuna kisima karibu, maji yake yapimwe vilevile. Kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa arseniki katika maji ya kunywa ni miligramu 0.01 kwa lita. Arseniki ikionekana kwa wingi, usipande sukuma wiki hapo, usiruhusu watoto wachezee udongo huo, na usimruhusu mtu yeyote auzoe kwa lori na kwenda kuumwaga kwingine, kwa maana atakuwa amemhamishia jirani sumu ileile. Mwambie muuzaji kwamba utalipa baada ya kuona majibu ya maabara. Akikataa upimaji, mimi ningetafuta kiwanja kingine.

Nina karakana ya magari Kisumu. Nimeambiwa ninahitaji ukaguzi wa mazingira kila mwaka. Je, hilo si la viwanda vikubwa tu?

La. Tathmini ya athari kwa mazingira hufanywa kabla ya mradi kuanza. Ukaguzi hufanywa kwa shughuli ambayo tayari inaendelea, na kanuni za 2003 zilizo chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999 zinazihusu hata shughuli za ukubwa wako ikiwa zinaweza kudhuru mazingira. Kwako wewe mkaguzi ataangalia hasa sakafu, mifereji, betri kuukuu na mafuta machafu. Najua kwamba mafuta hayo huuzwa kwa watu wa kupaka nguzo za ua ili mchwa wasizile. Ninakusihi uache, kwa sababu yana metali zilizosagika kutoka ndani ya injini, na mvua ya kwanza huyaosha kutoka kwenye nguzo hadi kwenye udongo. Yaweke katika pipa lenye kifuniko, juu ya saruji yenye ukingo, na umpe mbebaji wa taka mwenye leseni, kisha uhifadhi karatasi ya makabidhiano. Mifereji ya mji wako huishia kwenye Ghuba ya Winam, na maji ya ghuba hiyo hubadilishana polepole na ya Ziwa Viktoria lenyewe, kwa hiyo uchafu hukaa humo muda mrefu.

Kisima chetu hapa Nyalenda kina maji meupe yasiyo na harufu. Kwa nini tuyapime?

Kwa sababu vitu viwili vinavyohofiwa zaidi mahali penu havionekani wala havinuki: vijidudu vya kinyesi na naitreti, kemikali inayotokana na kinyesi kinachooza. Maji ya ardhini katika mitaa ya tambarare ya Kisumu yako karibu sana na uso wa nchi, vyoo vya shimo viko hatua chache kutoka visimani, na msimu wa masika maji hupanda hadi kufikia sakafu ya shimo lenyewe. Naitreti ikizidi miligramu 50 kwa lita ni hatari hasa kwa mtoto mchanga anayepewa maziwa ya unga, kwani huizuia damu yake kubeba oksijeni, na kuchemsha hakuiondoi. Maji yanapopungua kwa mvuke naitreti huzidi kukolea. Chemsheni au tieni klorini kwa ajili ya vijidudu, lakini maji ya mtoto yatoke kwenye bomba la kampuni ya maji.

Wasomaji wa Nakuru wasidhani kwamba kisima kirefu kinatosha kuwaokoa. Kwao tatizo kubwa ni floraidi, ambayo ikizidi huharibu meno na mifupa, inayotoka kwenye miamba ya Bonde la Ufa, isiyo na uhusiano wowote na choo, na mara nyingi visima virefu ndivyo vyenye floraidi nyingi. Kikomo chake ni miligramu 1.5 kwa lita.

Kwa nini mnabeba sampuli za maji kwenye barafu?

Ili vijidudu visizaliane wala kufa njiani, majibu yakaeleza hali ya gari badala ya hali ya kisima.

Nimehitimu Chuo Kikuu cha Egerton na sasa ni mtaalamu msaidizi aliyesajiliwa na NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya. Katika kazi yangu ya pili mteja ameomba tuondoe kwenye ripoti sampuli moja yenye metali nyingi ya risasi, akisema ni kosa la maabara. Mkubwa wangu amenyamaza. Nifanye nini?

Mdogo wangu, swali hili nimelisoma mara kadhaa kabla ya kulijibu, kwa kuwa nami niliwahi kusimama hapo ulipo. Mteja mmoja, ambaye sitamtaja, alitaka nifute tokeo la mfereji uliopita nyuma ya nyumba za wapangaji. Nilikuwa na deni la kodi ya nyumba na nilisitasita kwa wiki nzima, nami sijivunii wiki hiyo.

Yawezekana kweli maabara ilikosea. Lakini kosa la maabara huthibitishwa kwa kupima tena. Angalia kwanza fomu ya makabidhiano: nani aliibeba chupa, ilifika saa ngapi, na ilikuwa na ubaridi kiasi gani. Iombe maabara irudie kupima kilichobaki, kisha urudi palepale uchukue sampuli mpya mbili, uzipeleke katika maabara mbili tofauti. Matokeo yote yaandikwe, ya zamani na mapya, pamoja na maelezo ya tofauti zake. Mweleze mkubwa wako hayo kwa maandishi na kwa heshima, kwa sababu yeye kama mtaalamu mkuu ndiye atakayetia sahihi, na kuingiza uongo kwa makusudi katika ripoti ya tathmini ni kosa la jinai chini ya sheria ya 1999. Huenda kimya chake ni cha mtu anayesubiri mwingine aseme kwanza.

Kuhusu risasi hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama katika damu ya mtoto. Mteja ndiye anayekulipa, na anastahili kazi safi, lugha ya adabu na ushauri wa jinsi ya kurekebisha mambo. Lakini yeye haishi mahali ilikochukuliwa sampuli hiyo. Mimi niliiacha ile namba ya mfereji kwenye ripoti, nikapoteza kazi tatu zilizokuwa zimeahidiwa, na miezi michache baadaye mfereji ukajengewa saruji.