Maswali ya Wasomaji: Vyeti vya siagi ya karanga inayovuka Namanga

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mama mjasiriamali hapa Dodoma na ninasindika siagi ya karanga. Mwenye duka moja la Nairobi ameionja, ameipenda, na sasa anataka katoni 60 kila mwezi, ila amesema hatapokea hata kopo moja bila cheti cha ubora. Ninayo karatasi ya majibu ya maabara ya mwaka jana, nayo haikuonyesha tatizo lolote. Je, haitoshi? Kama haitoshi, nianzie wapi?
Msindikaji, Dodoma

JIBU: Mama, hongera kwa kumpata mnunuzi wa kudumu. Karatasi uliyo nayo haitoshi, na ningependa nieleze kwanza sababu yake, kwa kuwa wasindikaji wengi wamepoteza fedha na miezi mizima kwa kuchanganya karatasi tatu ambazo kila moja ina kazi yake. Ripoti ya maabara inahusu sampuli ile iliyopimwa tu. Haisemi lolote juu ya makopo uliyoyajaza wiki iliyofuata. Leseni ya kutumia alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, inahusu bidhaa pamoja na mahali na namna inavyotengenezwa, na ndiyo maana wakaguzi hufika kwako kabla ya kuitoa na huendelea kufika baada ya kuitoa. Cheti cha uasili hakigusi ubora hata kidogo: kinathibitisha kwamba mzigo umetengenezwa Tanzania ili usitozwe ushuru wa forodha unapoingia Kenya, na kwa mzigo ambao thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani kipo kilichorahisishwa, kinachotolewa na maofisa wa forodha pale mpakani.

Anachokitaka mnunuzi wako ni alama ya ubora. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 inayohusu viwango, uhakiki wa ubora, ugezi (usahihi wa vipimo) na upimaji inazitaka nchi wanachama kuzitambua alama zinazotolewa na mashirika ya viwango ya wenzao. Kwa hiyo siagi yenye alama ya TBS haipaswi kupitishwa katika ule utaratibu wa ukaguzi kabla ya kusafirishwa ambao Kenya imekuwa ikiutumia tangu 2005 kwa bidhaa zinazotoka nje. Hata hivyo, ofisa anayetilia shaka usalama wa chakula bado anaweza kuchukua sampuli, na hilo usilichukulie kuwa uonevu.

Anza na SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ya mkoa wako. Watakusaidia kupanga eneo la kazi, na barua yao ya utambulisho ndiyo inayomwezesha mjasiriamali mdogo kupata nafuu ya gharama za TBS. Kisha peleka maombi TBS, ambayo tangu 2019 ndiyo inayosimamia pia usalama wa chakula, kazi iliyokuwa ya TFDA, yaani Mamlaka ya Chakula na Dawa. Huna sababu ya kusafiri hadi makao makuu yao Ubungo, Dar es Salaam, kwa kuwa ipo ofisi ya Kanda ya Kati hapo hapo Dodoma. Mkaguzi atatazama sakafu, maji, mavazi ya wafanyakazi, mahali pa kuhifadhia malighafi na kumbukumbu zako, kisha atachukua sampuli mwenyewe na kuifunga kwa lakiri. Akikuandikia dosari, zirekebishe na umwarifu kwa maandishi; dosari si kunyimwa leseni.

Jambo ninalokuomba ulitilie maanani kuliko yote ni sumukuvu, yaani sumu inayotengenezwa na kuvu wanaoota kwenye karanga na nafaka, kwa sababu hapo ndipo siagi ya karanga huangukia. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu jumla ya mikrogramu 10 tu za sumukuvu katika kilo moja, na kwa ile aina iliyo kali zaidi, yaani B1, mikrogramu 5. Siku ukipata mnunuzi wa Umoja wa Ulaya, mipaka hiyo itashuka hadi 4 na 2. Hizi si tarakimu za kusumbuana. Mwaka 2004 mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 sumu hiyo hiyo iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, yaani kwenu. Machi 2021 Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda, kisha ikayaruhusu baada ya siku chache kwa sharti la kila shehena kuja na cheti cha ulinganifu kinachoonyesha kiasi cha sumukuvu, hoja ilikuwa hiyo hiyo.

Sumukuvu haiko sawasawa ndani ya gunia. Punje chache zilizoota kuvu zinaweza kubeba sumu ya gunia zima, ilhali punje zilizozizunguka ni salama kabisa. Ukichota konzi moja ya juu na kuipeleka maabara, unaweza kuletewa majibu mazuri ya gunia baya, na nina wasiwasi kwamba karatasi yako ya mwaka jana ilipatikana kwa njia hiyo. Chota kidogo kidogo kutoka juu, katikati na chini ya kila gunia, changanya, saga pamoja, ndipo utoe sampuli ya kupimwa. Tena pima karanga kabla ya kuzisindika, kwa maana kuzikaanga hakuiondoi sumu yote, na mashine ya kusaga huisambaza kutoka punje moja hadi katika makopo yote ya siku hiyo.

Kinga kubwa iko mezani pako. Zimwage karanga juu ya meza nyeupe penye mwanga wa kutosha, uziondoe kwa mkono zilizosinyaa, zilizopasuka, zilizobadilika rangi na zilizoota ukungu. Ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa kuliko hatua nyingine yoyote utakayoichukua baada ya kununua. Zilizotolewa zisiuzwe, wala wasipewe kuku au ng'ombe. Sumu hiyo huwadhuru mifugo, na ya ng'ombe hurudi kwetu kupitia maziwa. Magunia yakae juu ya chaga, mbali na ukuta, na karanga ulizonunua zikiwa na unyevu uzianike tena.

Kila bechi ipe namba yake, iandikwe kwenye lebo na kwenye daftari pamoja na jina la mkulima aliyekuuzia. Mnunuzi akilalamikia kopo moja, utaondoa sokoni bechi moja badala ya kupoteza mzigo wote.

SWALI: Kuna wakala aliyeniambia atanipatia cheti cha ulinganifu cha mzigo wangu wa viungo ndani ya siku mbili, bila sampuli wala mkaguzi, nimtumie fedha tu. Je, cheti hicho kitapita?
Mfanyabiashara, Arusha

JIBU: Usimtumie fedha, ndugu yangu. Cheti cha ulinganifu ni kauli ya mtu aliyeupima mzigo na kuulinganisha na kiwango kilichotajwa kwa namba. Mahali ambapo hakuna aliyepima, hakuna cheti. Hata kikipita mpakani leo, mzigo unaweza kuzuiwa kesho kwenye ghala la mnunuzi, na mwenye jina kwenye karatasi ni wewe, si wakala. Wakala wa forodha ana kazi yake halali ya kuandaa nyaraka, lakini hana mamlaka ya kuthibitisha ubora. Cheti chochote ulicholetewa, chukua namba yake uiulize taasisi iliyotajwa kuwa ndiyo iliyokitoa, kabla lori halijapakiwa.