Mtu au roboti Mirihi? Anza na mizani, si na mwendo

SWALI: Mwaka 1972 wanaanga wawili wa Apollo 17 walizunguka kilomita 35 hivi Mwezini kwa siku tatu. Kigari cha Opportunity kilitumia miaka 14 kumaliza kilomita 45 kule Mirihi. Mbona bado tunapeleka roboti? Na kama shida ni safari ya kurudi, si wapo watu tele waliojitolea kwenda moja kwa moja?

JIBU: Kwenye mwendo sina ubishi. Hata kwa wepesi wa mikono mtu anashinda. Chombo cha InSight, kilichotua Mirihi, kilibeba kifaa cha kujichimbia, mfano wa msumari, kishuke mita 5. Udongo uligandamana pembeni badala ya kukibana, kikakosa msuguano, kikawa kinadundadunda palepale. Mafundi walihangaika nacho karibu miaka miwili, hata kukisukuma kwa mkono wa roboti, wakanyoosha mikono Januari 2021 kichwa chake kikiwa sentimita 2 au 3 chini ya uso. Mwenye koleo angesogea hatua mbili na kuchimba upya.

Ila kila anayeleta hesabu hii humhesabu mtu akiwa ameshatua, ameshiba na anapumua. Nani alimfikisha?

Mzigo mzito kuliko yote ambao NASA, shirika la anga la Marekani, imeushusha salama Mirihi ni kigari cha Perseverance, kilo 1,025. Shinikizo la hewa ya kule halifiki asilimia 1 ya letu: hewa inatosha kukiunguza chombo kinapoingia, lakini haitoshi parachuti kusimamisha kitu kizito. Chombo cha kushusha watu kitakuwa na makumi ya tani.

Oksijeni nayo: mtu mmoja anatumia gramu 840 hivi kwa siku. Kifaa cha MOXIE, kilichokuwa ndani ya Perseverance, kiliitengeneza kutoka hewa ya Mirihi mara 16 kati ya 2021 na 2023. Jumla ilikuwa gramu 122, pumzi ya mtu mmoja kwa saa tatu na nusu. Jaribio lilifaulu, tena vizuri, lakini lilikuwa jaribio.

Kuhusu mionzi, kigari cha Curiosity kilipima njiani kwenda Mirihi milisivati 1.8 kwa siku (milisivati ni kipimo cha mionzi inayoingia mwilini). Miezi sita kwenda na sita kurudi ni kama 660, na kikomo cha NASA kwa maisha yote ya kazi ya mwanaanga ni 600. Hapo hujahesabu siku hata moja ya kukaa kule.

Sasa hao wa kwenda bila kurudi, ambao ndio hunichosha kuliko wote. Kujitolea hakupunguzi mzigo, kunauongeza. Anayerudi ana siku yake ya mwisho ya kulishwa. Anayebaki analishwa mpaka afe. Nafasi nzuri ya kurusha roketi kwenda Mirihi hupatikana kila baada ya miezi 26. Kwa kilo 1.8 za chakula kwa siku pamoja na vifungashio, mtu mmoja anahitaji zaidi ya kilo 1,400 kusubiri shehena inayofuata. Chakula tu kimeshaipita Perseverance uzito, na maji bado.

Kwa hiyo Mirihi, kwa sasa, ni roboti. Mwezini ni habari nyingine: safari ni siku tatu, na Apollo zilirudi na kilo 382 za mawe na udongo wakati roboti tatu za Kisovieti zilileta kama gramu 300 kwa pamoja.

Kampuni ya Mars One ilitoza watu ada ya maombi ya safari ya kutorudi, ikafilisika mwaka 2019, na wengine watakuja na nembo mpya. Kabla hujatoa hela, waulize: mtashusha tani ngapi kwa mpigo, na kwa njia ipi? Oksijeni kilo ngapi kwa siku, kutoka mtambo gani uliokwisha kufanya kazi mwaka mzima bila kusimama? Milisivati ngapi? Wakikuonyesha michoro ya nyumba za kuba la kioo, ondoka. Kioo hakikingi mionzi ya anga; paa la kule linahitaji mita mbili tatu za udongo juu yake.